Maswali ya Wasomaji: Mkono Unaosugua Ndio Unaoharibu Rangi ya Gari

Barua zilizotufikia kuhusu usafi na utunzaji wa rangi ya gari nyumbani zinatoka bara na pwani, na nyingi zinaulizia polishi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi zaidi, na nimeanza na ile ambayo, kwa maoni yangu, inagusa kiini cha tatizo.

Ndugu mhariri, salamu. Nilinunua gari dogo jeusi lililotumika kutoka Japani, nalo lilipotoka bandarini rangi yake iling'aa sana. Ninaliosha mwenyewe kila Jumapili kwa sabuni ya unga na dodoki, na kijana wangu hulipangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa safi. Pamoja na juhudi zote hizo, rangi imefifia, na jua likiwaka naona vimikwaruzo vyembamba vya mviringo boneti nzima. Je, rangi ya gari hili ilikuwa feki, au ni polishi gani nitumie? – Msomaji, Kigamboni

Ndugu yangu, rangi ya gari lako haikuwa feki, na kabla hatujafika kwenye polishi inabidi tuliangalie dodoki na kile kitambaa cha asubuhi, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vilivyokufikisha hapo.

Gari la kisasa linapotoka kiwandani huwa limepakwa matabaka kadhaa: la kwanza ni la kuzuia kutu, ambalo hushikishwa kwenye bati kwa umeme, juu yake ipo praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Matabaka yote hayo kwa pamoja huwa na unene wa takribani mikroni 100 hadi 150, yaani kama karatasi ya kawaida ya kuandikia au zaidi kidogo, na katika unene huo klia huchukua mikroni 35 hadi 50 tu. Mng'ao wote unaouona unatokana na ulaini wa uso wa klia. Uso huo ukiwa laini, mwanga hurudi moja kwa moja kwenye jicho. Ukijaa mikwaruzo midogo, mwanga hutawanyika kila upande, na gari jeusi huanza kuonekana la kijivu. Mikwaruzo yenyewe kwa kweli imekwenda kila upande, bali jicho huona ile tu inayolizunguka jua au taa, na ndiyo maana inaonekana ya mviringo.

Sasa fikiria vumbi la asubuhi. Ndani yake mna chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu kuliko klia. Kitambaa kikavu, hata kikiwa safi namna gani, kinapopita juu ya vumbi huziburuta chembe hizo kutoka mwanzo wa boneti hadi mwisho wake, na kazi hiyo ikirudiwa kila siku kwa mwaka mzima huwa ni sawa na kupiga msasa mwembamba sana. Desturi hii ya kupangusa gari kavu kila asubuhi imeenea mno, hasa kwa madereva wa ofisi ambao huifanya kwa nia njema ya kuonyesha kwamba wanalijali gari, na ningependa sana iachwe. Gari lenye vumbi kidogo halina hasara yoyote. Ukilazimika kulisafisha bila kuliosha, limwagie maji kwanza, au liache mpaka siku ya kuosha.

Dodoki nalo, hata lile linaloonekana laini mkononi, lina nyuzi ngumu, na chembe za mchanga hunasa kati ya nyuzi hizo zisitoke. Sabuni ya unga ina magadi kwa wingi, kwa kuwa imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo. Kwenye gari huondoa nta yote inayoilinda klia, hukausha raba za milangoni, na chembe zake ambazo hazijayeyuka vizuri hukwaruza. Tumia shampuu ya gari, ambayo haina ukali wa magadi wala wa asidi. Isipopatikana, ni afadhali kuosha kwa maji mengi matupu kuliko kutumia sabuni ya unga. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inaweza kutumika mara moja moja, hasa siku unayokusudia kupiga polishi na kupaka nta upya, kwa sababu siku hiyo unataka nta ya zamani itoke.

Namna ya kuosha ni hii. Weka gari kivulini na uguse boneti kwa kiganja. Ikiwa bado ya moto, subiri. Anza na magurudumu, ukitumia ndoo na brashi zake peke yake, maana vumbi la breki ni chembe za chuma na hazitakiwi kufika kwenye bodi. Kisha limwagie gari lote maji mengi, kutoka paani kushuka, ili mchanga mwingi uondoke kabla mkono wako haujagusa chochote. Andaa ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu. Chovya glavu ya kuoshea au taulo laini ya maikrofaiba kwenye shampuu, osha sehemu moja kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, kisha suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Ukifika mwisho, tazama chini ya ndoo ile ya kusuuzia: utaona mchanga umetuama, na kila chembe iliyomo humo ingekuwa imeburutwa kwenye milango yako. Fuata utaratibu wa paa, vioo, boneti, sehemu za juu za milango, halafu sehemu za chini na bampa, ambako uchafu huwa mkali zaidi. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando. Usikirudishe kwenye gari hata kama kinaonekana hakijapata uchafu.

Mwisho, kausha kwa taulo kubwa ya maikrofaiba kwa kuitandaza na kuivuta taratibu. Taulo hizo zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi zake zikashindwa kunyonya maji.

Mikwaruzo iliyopo tayari haitatoka kwa kuosha. Jibu linalofuata linakuhusu pia.

Nina gari la rangi ya fedha ambalo sasa linaonekana limechoka. Je, mtu asiye fundi anaweza kulipiga polishi nyumbani kwa mkono bila kuharibu? Fundi mmoja wa jirani ameniambia anaweza kunifanyia kwa grinda, kwa kuifunga pedi ya sifongo. – Msomaji, Mwanza

Mtu asiye fundi anaweza, mradi aelewe jambo moja kabla ya kufungua kopo: polishi haiongezi kitu kwenye rangi, bali inapunguza. Ndani ya polishi na kampaundi, ambayo ni polishi kali zaidi, mna unga wa kusaga, na kazi yake ni kuchonga klia kidogo mpaka uso wake ushuke ulingane na kina cha mkwaruzo. Klia iliyochongwa hairudi. Kwa hiyo polishi hupigwa kwa nadra, labda mara moja kwa mwaka au hata miaka miwili, na si kila mwezi kama wengine wafanyavyo.

Kuhusu grinda, tafadhali usikubali. Grinda ya kawaida ya kukatia chuma huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kupigia polishi ya mzunguko hufanya kazi kwa kasi ya mara 1,000 hadi 3,000 hivi. Kwa kasi ya grinda, joto hupanda kwa sekunde chache, klia huungua, na kwenye kingo za milango rangi huondoka mpaka praima ikaonekana. Baada ya hapo dawa ni kupiga rangi upya.

Kwa mkono, anza kwa kuosha kama nilivyoeleza hapo juu. Kisha vaa mkononi mfuko mwembamba wa plastiki na upitishe vidole taratibu juu ya boneti iliyooshwa. Mfuko huo huongeza hisia ya vidole, na utasikia vipele ambavyo macho hayavioni. Hivyo ni vumbi la breki, lami, mabaki ya utomvu na wadudu waliokauka, na huko kwenu wadudu wa ziwani wanaofuata taa za magari mnawafahamu vizuri. Vipele hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipuri na vipodozi vya magari. Uviringe uwe bapa, nyunyizia maji yenye shampuu kidogo ili uteleze, na upitishe kwa mkono mwepesi mpaka uso uwe laini kabisa. Kunja udongo huo kila unapochafuka, na ukianguka chini utupe, kwa kuwa hautaacha tena mchanga ulioubeba.

Sasa polishi. Nunua iliyo laini kuliko zote kwanza, wala usianze na kampaundi kali. Watu wengi hununua kampaundi kwa sababu ni rahisi, kumbe inaacha mikwaruzo yake yenyewe inayohitaji polishi laini baadaye. Ziba plastiki nyeusi na raba kwa utepe wa karatasi wenye gundi, maana polishi ikikaukia hapo huacha weupe mbaya usiotoka kwa urahisi. Chagua eneo dogo la kujaribia, lenye upana wa sentimita 40 kwa 40, mahali pasipoonekana sana. Weka matone machache kwenye sifongo laini ya kupakia, sugua kwa mistari inayopandana, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana, kwa nguvu ya wastani, kwa dakika tatu au nne, kisha futa kwa maikrofaiba safi kabla haijakauka kabisa. Washa tochi karibu na uso huo na ulinganishe na sehemu ya pembeni ambayo hukuigusa. Ukiridhika, endelea hivyo hivyo kipande kwa kipande. Usiposikia tofauti wala kuiona, rudia mara moja kabla ya kufikiria polishi kali zaidi.

Angalia pia kitambaa chako. Kikishika rangi ya gari, ina maana gari halina klia, pengine kwa sababu ni la zamani au lilipigwa rangi upya gereji bila klia. Hapo unachonga rangi yenyewe, na yafaa uishie kwenye polishi laini tu. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi pita kwa wepesi sana, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine popote.

Kwa mkono hutaondoa mikwaruzo yote. Utaondoa ile midogo, mingine utaipunguza makali, na gari litapata kina na mng'ao ambao utaushangaa. Kwa mtu anayejali, hilo linatosha, na klia inabaki ya kutosha kwa miaka ijayo.

Ofisini kwetu Upanga tunaegesha chini ya miembe, na kunguru hawatupi nafasi. Nikichelewa siku moja kuondoa kinyesi, kinaacha alama isiyotoka hata nikisugua. – Msomaji, Dar es Salaam

Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, nao tangu hapo wameienea pwani yote, kwa hiyo tatizo lako ni la wengi kuanzia Mombasa hadi Mtwara.

Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini madhara makubwa huletwa na jua. Bati likipata joto, klia hulainika na kutanuka kidogo. Kinyesi kikikauka juu yake hukakamaa, na jioni klia inapopoa na kusinyaa hujikunja kufuata umbo la kile kilichokaukia juu yake. Alama unayoiona, basi, si uchafu bali ni uso uliokwisha kubadilika umbo, na ndiyo sababu kuisugua hakusaidii. Muda unaoruhusiwa hapa ni saa chache, hasa kwa gari la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea.

Weka ndani ya gari chupa ndogo ya maji na taulo moja ya maikrofaiba. Ukiona kinyesi kimekauka, usikikwangue kwa kucha wala kadi, kwa kuwa mna punje za mbegu na mchanga. Lowanisha karatasi laini, ilaze juu yake kwa dakika tano hadi kumi mpaka kilainike chote, kisha kiinue kwa mwendo mmoja wa kwenda juu, ukigeuza karatasi upande safi. Suuza.

Utomvu wa mwembe ni jambo jingine. Ule unaochoma midomo ya watoto wanaokula maembe machanga huishambulia klia pia, na ukikauka hauyeyuki kwa maji. Lowesha kitambaa kwa spiriti, kiweke juu ya tone la utomvu kwa nusu dakika, pangusa taratibu, na rudia badala ya kuongeza nguvu. Kisha osha sehemu hiyo kwa shampuu na uipake nta, maana spiriti imeondoa ile iliyokuwapo. Usitumie thina kamwe.

Tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Gari likikauka linabaki na madoa meupe ya duara, na kwenye vioo hayatoki kabisa. – Msomaji, Mbagala

Madoa hayo ni madini, hasa ya chokaa, yanayobaki maji yanapokauka. Jua ndilo linaloyapika mpaka yakashika. Kama huna maji mengine, osha alfajiri au jioni, sehemu moja baada ya nyingine, na ukaushe kila sehemu kabla ya kuhamia nyingine. Usisubiri mpaka umalize gari zima. Ukiweza, kinga maji ya mvua kwenye pipa na uyatumie kusuuzia mara ya mwisho, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa, na ndoo mbili zinatosha gari dogo.

Madoa yaliyopo yalowanishe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Weka kwa kitambaa kwa dakika moja au mbili tu, kivulini, kisha suuza kwa maji mengi na upake nta upya. Kwenye vioo unaweza kurudia mara kadhaa. Madoa ambayo yamekwisha kuchimba klia yatahitaji polishi, na yaliyochimba sana yatabaki.

Kwa wanaovuka na pantoni au kuishi ufukweni, chumvi ya bahari ina hatari ya namna yake: haiiumizi klia sana kama inavyoliumiza bati palipochubuka. Msisahau kusuuza ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango na kwenye vitundu vya kutolea maji, ambako kutu huanza bila kuonekana.

Gari langu ni jeupe na sina historia ya ajali, lakini limeota vidoadoa vya rangi ya kahawia kila mahali, kama kutu. Naegesha jirani na mafundi wa kuchomelea mageti. Je, bati limeanza kuoza? – Msomaji, Morogoro

Bati lako ni zima. Grinda inapokata chuma hurusha cheche, na kila cheche ni chembe ya chuma iliyo moto. Chembe hizo hutua kwenye gari, hujipachika kwenye klia, na baada ya mvua mbili tatu hupata kutu zenyewe. Gari jeupe linazionyesha tu. Magari ya rangi nyingine yanazo vilevile.

Ipo dawa ya kunyunyizia ya kuyeyusha chuma, ambayo hugeuka zambarau inapokutana na chembe hizo na kutiririka chini. Ipake kivulini, usiache ikauke, na suuza kwa maji mengi. Harufu yake ni kali, kwa hiyo fanya kazi mahali penye hewa. Chembe zitakazobaki zitoe kwa ule udongo wa kusafishia. Usisugue kwa steelwire wala sabuni ya mchanga. Kisha, kwa heshima, ongea na mafundi hao ili wageuze upande wanaokatia, au tafuta mahali pengine pa kuegesha, vinginevyo vidoadoa vitarudi.

Mimi ni mfugaji nyuki. Nimesikia kwamba nta ya magari hutoka Brazili na ni ghali. Je, siwezi kutumia nta yangu mwenyewe ya nyuki? – Msomaji, Tabora

Swali zuri, na linastahili jibu kamili. Nta inayosifika kwa magari huitwa kanauba, nayo hutolewa kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Sifa yake kubwa ni ugumu: huyeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye jua letu, kwa sababu boneti ya gari jeusi iliyoegeshwa mchana inaweza kupita nyuzi 60. Nta ya nyuki peke yake italainika hapo, itanata, na kila vumbi linalopita litashika.

Viwanda huitumia nta ya nyuki kwa kuichanganya na kanauba ili iwe rahisi kupakika, kwa hiyo nta yako ina thamani, ila si kwa kupakwa peke yake juu ya bodi. Itumie kwenye ngozi na mbao. Kwa gari, nunua kopo dogo la nta ya kanauba au kilinzi cha rangi cha kimiminika kilichotengenezwa kiwandani. Kopo moja hutosha mara nyingi kwa sababu hupakwa nyembamba sana. Kosa la kawaida ni kupaka nene, ambapo nta yote ya ziada hufutwa na kutupwa.

Nta ya kanauba hudumu kwa miezi miwili hivi kwenye hali yetu, na vilinzi vya viwandani miezi minne hadi sita. Usihesabu siku, tazama maji. Ukimwagia gari maji yakasimama kwa matone ya duara na kukimbia, kinga ipo. Yakitandaa na kukaa, imekwisha.

Hapa Nairobi nimeambiwa nipake kinga ya seramiki, na kwamba nikishapaka gari halikwaruziki tena wala sitahitaji kuliosha. Bei yake ni kubwa. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi

Kinga hiyo ni halisi na ni nzuri, lakini maelezo uliyopewa yamezidishwa. Ni kimiminika chenye silika kinachojishikiza kwenye klia na kukauka kuwa tabaka gumu, jembamba sana, ambalo huweza kudumu kwa miaka. Maji na tope hayashiki kwa urahisi, na kuosha kunakuwa kazi nyepesi. Hata hivyo bado utaliosha, na madoa ya maji ya chumvi bado yataonekana ukiyaacha yakauke. Ile alama ya 9H inayoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa penseli za ugumu mbalimbali. Haina maana kwamba kokoto ya barabarani au ufunguo hautaacha mkwaruzo.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba seramiki hufungia chini yake kile inachokikuta. Gari likipakwa bila kusafishwa na kupigwa polishi kwanza, mikwaruzo yote inabaki humo. Muulize anayekuuzia atafanya maandalizi gani kabla ya kupaka, na ikiwa hana jibu la kueleweka, ihifadhi pesa yako. Mtu anayeosha gari lake vizuri na kulipaka nta mara tano au sita kwa mwaka hajapungukiwa na kitu.

Nalifunika gari kwa turubai kila usiku ili kulikinga na umande wa bahari. Nafanya vizuri? – Msomaji, Tanga

Hapana. Turubai la plastiki hufungia unyevu chini yake, na upepo wa bahari ukilitikisa husugua vumbi lililopo kwenye bodi usiku kucha. Ama tumia kifuniko maalumu cha kitambaa kinachopitisha hewa, ukivike juu ya gari lililo safi na kavu tu, ama liache wazi chini ya kibanda. Kibanda cha makuti kinatosha kabisa, mradi hakidondoshi takataka.

Madereva wenzangu wa malori hupangusa bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Kweli linang'aa. Kuna ubaya gani? – Msomaji, Singida

Linang'aa kwa sababu limelowa mafuta, na mng'ao huo huisha kwenye kilomita chache za vumbi. Mafuta hayo huondoa nta, hulainisha raba, na vumbi la huko kwenu hugandamana nayo kuwa matope ya mafuta, ambayo kesho yake yatasuguliwa kwa kitambaa. Kwa lami iliyogandia chini ya milango, tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa linakubalika, mradi sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa shampuu. Mafuta ya breki, kwa upande mwingine, yasiguse rangi kabisa. Huivimbisha na kuibandua. Yakimwagika, mwagia maji mengi papo hapo.

Klia ya paa inabanduka kama ngozi iliyoungua. Nimepiga polishi mara kadhaa, inazidi. – Msomaji, Unguja

Acha polishi leo. Klia ikishaanza kubanduka imekwisha kuachana na rangi kwa sababu ya jua, na kila unaposugua kingo zake unaiinua zaidi. Hakuna nta, polishi wala seramiki inayoweza kuirudisha. Paa lipigwe msasa, rangi na klia upya na fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Kabla ya kulipia, hakikisha klia imo kwenye makubaliano. Baada ya hapo, kaa angalau mwezi mmoja bila kupaka nta, kwa kuwa rangi mpya huendelea kutoa hewa ya thina. Fundi wako akikutajia muda mrefu zaidi, umsikilize.

Kokoto imechubua boneti mpaka bati linaonekana, mahali padogo kama punje ya mchele. Naweza kupaziba mwenyewe? – Msomaji, Arusha

Ndiyo, na ufanye hivyo kabla ya mvua. Kwanza pitisha ukucha juu ya mchubuko wowote: ukucha usiponasa, polishi huenda ikautoa, ukinasa, polishi haiwezi, na wewe umekwisha kuona bati.

Tafuta namba ya rangi. Kwenye Toyota, kwa mfano, kuna kibao kidogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta maandishi C/TR, na herufi au tarakimu zinazofuata mara moja ndizo za rangi, kama 040 kwa nyeupe, 202 kwa nyeusi au 1F7 kwa ya fedha. Mpelekee muuza rangi namba hiyo badala ya kumwonyesha gari, kwa sababu akikisia kwa macho anaweza kukosea.

Ukiona kutu, itoe kwa kipande kidogo cha msasa kilichozungushiwa kwenye ncha ya njiti, bila kugusa rangi nzima ya pembeni. Pangusa kwa spiriti. Tia tone la praima kwa ncha ya kijiti cha meno, iache ikauke, kisha rangi kwa matabaka mawili au matatu membamba, ukisubiri kila moja likauke, na umalizie kwa klia. Usijaze shimo kwa tone moja nene, kwani litasinyaa katikati na kupasuka. Alama bado itaonekana ukiinama karibu, lakini maji hayatalifikia bati.